Pinsi Haivuki Mto

Kindu, Mikelenge
Jumapili, baada ya misa

Mama mpenzi,

Pokea kwanza salamu zangu, wewe na papa na wote wanaolala chini ya bati letu. Goti lako linasemaje? Najua utajibu kwamba si baya sana, kwa hiyo sikuulizi wewe, namuuliza kaka, yaya Mugisho, tena namwagiza akupeleke kwa daktari hata kama utamgombeza njia nzima. Papa bado anakohoa asubuhi? Na ule ukuta wa choo, mvua imekwisha kuuangusha au bado mmeuegemeza kwa mti? Mimi ni mzima wa mwili. Sijakonda, maana mchele wa Kibombo haumwachi mtu akonde. Lakini moyo wangu umechoka, mama, na leo sitakuficha.

Barua hii anakuletea Mama Salima, mama mzee anayechuuza mafuta ya mawese kwa njia ya Shabunda, safari ya majuma kwa pikipiki na kwa miguu. Mpe chai nzito na mahali pa kulaza mgongo. Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ziko. Kwa simu nimekuwa nikikudanganya. Kila mara nakuambia, "Kazi inaendelea, mama, karibu nitarudi," kisha mtandao unakatika, nami nashukuru kwamba umekatika. Karatasi haina mtandao wa kuniokoa. Basi keti, vaa miwani, usome polepole.

Unakumbuka nilivyoondoka. Asifiwe alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Nilikuambia nakwenda Kindu kufunga umeme wa jua kwenye nyumba ya uzazi, kazi fupi, nikirudi nitamkuta bado anapepesuka. Nikakuachia mtoto, nikapanda ndege. Kisha vita vikaingia kwetu Bukavu, uwanja wa ndege ukafungwa, ninyi mkabaki huko na mimi huku, katikati yetu msitu mzima na watu wa bunduki. Tangu hapo sitaki jambo jingine duniani ila hili moja, nimrudie mwanangu kabla hajazoea kuishi bila mimi.

Kuna jambo sikukuambia kamwe. Nilijaribu kurudi kwa barabara. Nilivuka mto, nikapanda pikipiki ya kuelekea Kalima, mfuko wa vyombo nimeupakata mapajani. Mwendeshaji alikuwa mtu wa Pangi, mcheshi, aliimba mpaka tukafika kwenye kizuizi. Mwanzi ulikuwa umelazwa barabarani. Mkubwa wa wale wenye bunduki, mwanaume mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, alimwaga vyombo vyangu chini, akavichagua kwa mguu, kisha akaokota koleo langu, pinsi yenye mikono ya manjano, ile niliyoinunua nilipomaliza shule na papa akasema ni nzito kama nyundo.

"Iyi njo nini?"

"Pinsi ya kusertir, mukubwa."

"Ya nini?"

"Ya kusertir. Iko ya kazi."

"Ya kusorti!" Akawageukia wenzake. "Munasikia? Huyu mama anatembea na pinsi ya kusorti! Haya basi, sorti! Sorti hapa mbio, mufuko inabakia."

Wewe ulisomeshwa na masista, unajua kwamba kwa Kifaransa kusertir ni kubana na kusorti ni kutoka au kutoa. Kwa masikio ya watu wetu ni neno moja. Walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi nilisihi, nikasema chukueni vyote mniachie pinsi tu, na mwendeshaji akanivuta mkono, akageuza pikipiki. Njiani ndipo aliponiambia kwamba kwenye kizuizi kile walimzuia fundi wa redio, wakamwingiza msituni awatengenezee mitambo yao, na mke wake angali anamngoja. Yule mkubwa angesikia vizuri, angejua kwamba mimi ni fundi wa umeme, na leo labda ningekuwa nawafungia taa porini. Kwa hiyo ule ujinga wa neno uliniokoa. Nimejaribu kulifurahia hilo nimeshindwa. Na ndiyo maana usiniulize kwa nini Mama Salima anapita na mimi sipiti. Yeye ana mafuta, mimi nina ufundi, na siku hizi ufundi ndio unaomponza mtu.

Nikarudi Mikelenge mikono mitupu. Mkubwa wa mradi wetu ni Enjenia Kalala, mtu wa Kasai, mpole, mkavu, hacheki hata akisikia kichekesho. Hakunigombeza kwa kutoroka. Aliniambia tu kwamba mradi una ndege ndogo inayokwenda Kalemie. Kutoka Kalemie kuna boti hadi Uvira, na kutoka Uvira gari hadi nyumbani.

"Lakini nafasi mu ndege iko ya ule amemaliza kazi yake," akasema. "Maliza, miye nipokee, utapanda."

Na kupokea kwake kazi si kutia sahihi tu, mama. Anashika mwisho wa kila waya, anauvuta kwa nguvu zake zote. Mmoja ukimtokea mkononi, hapokei. Siwezi kumlaumu, maana kuna kituo alikiona kimeungua kwa sababu ya waya mmoja uliolegea.

Ngoja nikueleze, nataka uelewe nilichokuwa nikikitafuta miezi yote hii. Mwisho wa kila waya mnene tunauvisha kichwa cha shaba, huku wanakiita kosi. Waya wenyewe ni nyuzi nyingi nyembamba. Pinsi ya kusertir inakamua kosi na nyuzi mpaka viwe kitu kimoja. Ukibana kwa pinsi ya kawaida, au ukigonga kwa nyundo, kwa nje utaona kimekaza na kumbe ndani nyuzi zinacheza. Ni kama kitenge cha kumbebea mtoto kilichofungwa ovyo: ukisimama wima kimeshika, ukiinama kuokota ndoo, mtoto anateleza. Na panapocheza ndipo panaposhika moto. Mimi nilijua yote hayo, lakini sikuwa na chombo, nikagonga kwa nyundo. Enjenia alipovuta waya wa kwanza, kosi ikamtokea. Akaniwekea kiganjani, akaenda kunywa maji.

Nikaenda sokoni kwa Papa Amisi, mwenye kibanda cha vyombo. Ni mtu mwema, anauza kila kitu kuanzia kufuli mpaka kinu cha kusagia, na kwake hakuna kisicho orijinali. Akanitolea pinsi ya kusertir inayong'aa, mikono myekundu.

"Mama Asifiwe, iyi njo orijinali yenyewe. Angalia rangi!"

"Rangi haibane waya, papa."

Nikaifumba, nikaielekeza mlangoni, mwanga ukapita kati ya meno yake. Nikaitikisa, mkono mmoja ukacheza kwenye msumari. Nikaikamua nusu na kulegeza vidole, nayo ikaachia palepale. Hapo nikajua. Pinsi nzuri ikishaanza kubana haikubali kuachia mpaka ifike mwisho. Mkono wako ukichoka, yenyewe inakulazimisha umalize. Hii ilikuwa inamtii kila mtu. Nikaiweka chini.

"Unaikatala?"

"Naikatala, papa. Tafuta ingine."

"Ingine nitatoa wapi? Ndege ya Goma hakuna, ya Bukavu hakuna. Hata miye niko nauza tu ile vita imeniachia."

Basi nikampigia yaya Mugisho. Unakumbuka siku ile, alikuwa kwenye teksi, na mtandao ulikuwa unakoroma. Nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka nje: pinsi ya kusertir, yaya, iliyo nzito, meno yake yakutane sawasawa, isiachie katikati! Naye akanijibu, "Nimesikia, dada, nimesikia, ya kusorti!" Simu ikakatika. Nikampigia tena na tena, haikushika.

Unamjua yaya, hana kazi anayoifanya nusu. Wachuuzi walifika na kifurushi baada ya majuma mengi, kimefungwa kwa kipande cha kitenge chako cha zamani, kile cha maua ya bluu. Nilikinusa kwanza kabla ya kukifungua. Ndani, mama, kulikuwa na koleo la kung'olea misumari. Zuri ajabu! Zito, meno yamekutana sawasawa, mikono haichezi hata kidogo. Ningeweza kung'oa misumari yote ya jimbo hili la Maniema. Na karatasi ndogo: "Dada, hii njo ya kusorti yenye nguvu kupita zote za soko. Nimechagua miye mwenyewe, nilizijaribu zote." Nilicheka uani mpaka mama mwenye nyumba akaja kuniuliza ni habari gani njema. Kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio mbele yake, na yeye, maskini, akaanza kunisaidia kulia bila kujua tunamlilia nani. Usimcheke yaya. Mwambie tu asante, chombo kilifika.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimrudia Papa Amisi nikaichukua ile ya mikono myekundu. Nilimwambia Mama Faila wazi kwamba siiamini. Huyu Mama Faila ndiye mkunga mkubwa wa nyumba hii ya uzazi, mama wa Kindu hasa, mnene, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Akasema tujaribu, taa mbovu ni afadhali kuliko kukosa taa. Taa zikawaka, Enjenia alikuwa hajaja kuvuta. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikajiruhusu kuwaza rangi ya gauni nitakalomletea Asifiwe.

Siku moja alasiri mbingu ikafunga, mvua kubwa, giza mchana. Mwanamke alikuwa kitandani anasukuma. Nilikuwa ukumbini niliposikia harufu ya mpira unaoungua, na kabla sijafika kwenye betri, nyumba nzima ikazimika. Nilimkuta Mama Faila ameuma simu kwa meno, tochi yake inamulika tumbo la mtu, mikono yake miwili ina kazi. Nikaichukua ile simu mdomoni mwake nikashika. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Lakini Mama Faila alipomaliza kunawa alikuja akasimama karibu nami.

"Sikugombeze," akasema. "Unajua mwenyewe. Mwanamuke akizaa mu giza, damu yake haionekane."

Nikakata kosi zote, nikazitupa chooni. Nilikaa juu ya sanduku la betri, nikawaza kwamba sitatoka Kindu kamwe. Naandika "nikawaza," lakini ukweli ni kwamba nilijua.

Ni Mama Faila yuleyule aliyekuja kuniambia kwamba Alunguli, ng'ambo ya mto, kuna mjane wa fundi wa umeme wa reli, na kwamba vyombo vya marehemu vingali vimo ndani. Nilivuka asubuhi yake. Bibi Zaina ni kikongwe mwembamba, amejitanda mtandio mweupe, anasema Kiswahili safi kama cha kitabuni mpaka akichoka, ndipo anarudi kwa Kiswahili cha nyumbani. Alinikaribisha mkekani, akanipa chai ya tangawizi, akaniuliza habari za kwetu, za vita, za wewe mama yangu. Akauliza nina watoto wangapi. Nilipomwambia mmoja, na alipo, aliniongezea sukari bila kuniuliza. Kisha akaingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye gunia.

Mama, ile ndiyo pinsi. Mikono mirefu kama ya mkasi wa kukatia majani, chuma cheusi, meno yake yana vipimo vilivyochongwa, kila unene wa waya na tundu lake. Nilikuwa nimebeba kipande cha waya. Nikakivisha kosi, nikabana, ikalia kre, kre, kre. Nikajaribu kuiachia katikati, ikakataa. Nikamaliza. Kisha nikamwomba msumeno wa chuma, nikaikata kosi ile vipande viwili nitazame ndani. Nyuzi zote zilikuwa zimekuwa shaba moja, hapakuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Tangu nianze ufundi sijaona mbano mzuri kama ule. Nikalia tena, maana siku hizi nalia kwa kila kitu.

"Bibi, niazime," nikasema. "Nitairudisha kwa mikono yangu."

"Pinsi iko. Lakini haivuke muto."

Nikapiga magoti. Nikamwambia habari ya ndege, ya Asifiwe, ya mwanamke aliyezaa gizani. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika kichwa cha pinsi kwa viganja viwili.

"Si wewe ninakukatala, mwanangu," akasema. "Wakati vita iliingia huku mara ya kwanza, walikuja kumuita mume wangu, eti umeme ya ngambo ile imekufa. Akavuka na hii. Muntu hakurudi. Pinsi njo ilirudi, mwenye mutumbwi alinipatia. Basi, imeisha kuvuka."

Nikainua kikombe changu nikanywa. Yeye ndiye aliyeendelea, ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Na nyaya zako, haziwezi kuvuka? Zinaogopa maji?"

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi ambayo hakuna shule iliyonifundisha. Nilizipima nyaya zote ukutani huku Mikelenge, nikazikata, nikafunga vitambaa vya vitenge kwenye ncha nisije nikazichanganya, nyekundu kwa betri, kijani kwa paneli za juu ya bati, nikazikunja, nikazibeba kichwani hadi mtoni. Wapiga kasia walinipigia kelele, "Mama anauza nyoka! Leteni mboga!" Waya mmoja niliukata mfupi, nikavuka tena kwa ajili yake peke yake. Uani kwa Bibi Zaina nilibana moja moja, naye ameketi kwenye kigoda, tasbihi mkononi. Kila pinsi ilipofika mwisho na kuachia, alisema, "Ameshika." Hakusema imeshika. Alisema ameshika, kila mara, na mimi sikumuuliza anamsema nani.

Enjenia Kalala alikuja. Alivuta waya wa kwanza, wa pili, akavuta mpaka viatu vyake vikateleza kwenye saruji na ikabidi ashike ukuta. Hakuna kilichotoka. Akavua miwani, akaifuta.

"Ulibana na pinsi ya nani?"

"Ya muntu wa reli, enjenia. Marehemu."

"Njo maana," akasema, akatia sahihi.

Taa ziliwaka, na mpaka leo hazijazima. Friji ya chanjo inanguruma vizuri. Mama Faila alinibeba juu, mimi na uzito wangu wote wa mchele, akanizungusha mbele ya wagonjwa. Ilikuwa furaha, sitakudanganya, ilikuwa furaha kamili. Nikakimbia kukunja nguo zangu. Nilikuwa nimeshika blauzi mkononi Enjenia aliponiita barazani.

"Nsimire, kaa kwanza."

Kwetu mtu akikuambia kaa kwanza, unakuwa umekwisha kuisikia habari mbaya. Nilikaa. Akaniambia kwamba njia ya Uvira imefungwa, boti zimezuiwa, na ndege ya mradi haitakwenda tena Kalemie. Alikuwa amepata habari hiyo asubuhi, akaona nimalize kwanza kufurahi. Nilimchukia kwa dakika moja, kisha nikamhurumia, maana macho yake yalikuwa mekundu na yeye ana watoto wake Mbuji-Mayi.

"Kuna kazi Kibombo, na ingine Lubutu," akasema. "Muntu anabana namna hii, siwezi kumuachilia. Baki na sisi."

Ona mzaha wa dunia, mama. Nilibana vibaya, nikabaki. Nilibana vizuri, nikabaki. Huwa najiambia nisikufuru, halafu nakufuru. Kanisani leo padri alihubiri juu ya subira, nikatoka nje nikasimama kwenye jua mpaka akamaliza. Sina subira tena, imekwisha kama chumvi inavyokwisha, unakwangua chombo na husikii kitu. Nimekubali kwenda Lubutu. Huko hakuna mtu anayenijua, na hakuna atakayeniuliza kila siku, "Mama Asifiwe, unarudi lini?"

Sasa nakuambia lile lililonifanya nikae chini niandike. Juma lililopita nilipiga simu yako, na wewe hukujua. Asifiwe ndiye aliyeshika. Nilisikia pumzi yake kwanza. Anasema sana siku hizi! Nani kamfundisha kusema allo kama mtu mzima?

"Allo? Njo nani?"

"Ni mama," nikasema. "Mama yako."

"Hapana," akasema, bila kinyongo, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea mlango. "Mama iko napika. Tantine, nimuite?"

Akaniita tantine, kama shangazi yoyote. Nyuma yake nikasikia mwiko wako unagonga sufuria, na sauti yako ikisema, "Asifiwe, acha simu ya watu." Nikamwambia, usimuite, mwache apike. Nikamuuliza anapika nini. Akasema sombe, yale majani yako ya muhogo. Nikamuuliza kama ni tamu. Akasema sombe ya mama ni tamu. Hapo mtandao ulikuwa mzuri, mama, haukukoroma wala kukatika. Ni mimi niliyekata.

Sikulaumu, na usije ukalia ukasema umenipokonya mtoto. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kazi hiyo ni wewe uliyeifanya, na goti lako hilo. Najua ulimfundisha kukuita Koko, yaani bibi, na najua unamwonyesha picha yangu, yaya aliniambia. Mtoto anamwita mama yule anayemnawisha uso. Nilikesha na kalamu nikitaka kukuomba umsahihishe kila siku, umwambie mama yako ni yule wa Kindu, anakuja. Niliiandika barua hiyo, nikaichana. Mpaka lini atamngoja mtu ambaye njia zote zinamkataa? Mimi mwenyewe ni mtu mzima na kungoja kumenimaliza. Basi akikuita mama, itika. Usimfundishe kungoja. Siku njia ikifunguka nitakuja, nitabisha hodi kama mgeni, na yeye ataamua mwenyewe aniite nani.

Nisalimie papa, umwambie ile pinsi aliyoiita nzito kama nyundo ilipotea, lakini kazi ilifanyika. Nisalimie yaya Mugisho na mke wake, na lile koleo lake nalitunza, litakwenda nami Lubutu. Nisalimie Mama Bora jirani yetu muuza makaa, aliyenibariki siku ya safari, na mwalimu wa kwaya, na fundi cherehani wa pale pembeni kama bado yupo. Msalimie kila atakayeniulizia, na wasioniulizia uwasalimie pia.

Na Asifiwe mpake mafuta miguuni, kwa maana baridi ya kwetu inapasua ngozi, na umwambie tantine Nsimire wa Kindu anamsalimia sana.

Mimi binti yako,
Nsimire